Vitu Vyangu Viko D: Siri Zilizofungwa Diskini na Utamaduni Wetu wa Kufuta

Mafundi wetu wa kompyuta wametuachia msemo ambao sasa hauhitaji maelezo popote, kuanzia Kariakoo hadi Mwanza: "kupiga window". Mashine ikiwa nzito, inapigwa window. Ikiingiwa na virusi, inapigwa window. Ikinunuliwa ya mtumba, jambo la kwanza ni kupigwa window. Msemo huu umebeba falsafa nzima ya matengenezo, kwamba tatizo la kompyuta halichunguzwi bali linafutwa. Na kwa kuwa wananchi si wajinga, nao walibuni kinga yao. Mtu anapompelekea fundi mashine humwambia, "Vitu vyangu viko D." Fundi anaelewa. Anaifuta C, anaiacha D, na jioni mwenye mali anazikuta picha za harusi na tasnifu yake zikiwa salama.

Makala haya yanahusu siku ambayo kinga hiyo inashindwa. Siku hiyo imekaribia kwa watu wengi zaidi kuliko zamani, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni ya kiuchumi. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, ilhali Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mtumba iliyo nzima kabisa anaambiwa kwamba mashine yake imezeeka kwa amri. Baadhi yao, nami ninawaunga mkono, wamehamia Linux: Ubuntu, Debian, Fedora na nyinginezo.

Sababu ya pili ni ya kisheria na kimaadili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ilitutangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019. Mtafiti anayebeba majina na sauti za watu, mwanaharakati anayepokea malalamiko ya wanawake waliopigwa na waume zao, ofisa wa halmashauri mwenye orodha ya kaya maskini, wote sasa wanaambiwa walinde. Jibu la haraka la kitaalamu ni kusimba diski: kuigeuza yote, au sehemu yake, iwe maandishi yasiyosomeka na yeyote asiye na neno la siri. Katika Linux jambo hili ni rahisi mno. Wakati wa kusakinisha unaweka alama kwenye kisanduku kimoja, unaandika neno la siri mara mbili, na kazi imekwisha.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Tumewafundisha watu kufunga mlango. Hatukuwafundisha kukarabati nyumba mlango ukiwa umefungwa.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili katika idara yetu alikuwa amekusanya mahojiano ya sauti na wakulima waliokuwa katika mgogoro wa ardhi. Watu hao walikubali kuzungumza kwa sharti kwamba majina yao yasijulikane kijijini wala wilayani. Yeye akatimiza yote aliyotakiwa na kamati ya maadili: aliisimba diski, akachagua neno la siri refu, hakumpa mtu yeyote. Kisha umeme ukakatika katikati ya usasishaji wa mfumo, na mashine ikagoma kuwaka. Akaipeleka kwa fundi mjini na kumwambia maneno yale yale ya mazoea, kwamba mfumo ndio ulioharibika, mafaili yako sehemu nyingine. Fundi akaitazama ile sehemu nyingine akaiona haina jina, haina umbo, haifunguki. Aliporudi kuichukua mashine aliambiwa kwa upole kabisa: "Dada, ile ilikuwa tupu, nimekuunganishia zote ziwe moja upate nafasi."

Hakuna aliyeiba chochote. Neno la siri bado analikumbuka hadi leo, herufi kwa herufi, na halifungui kitu. Wakulima wawili kati ya waliohojiwa walikataa kurudia mahojiano, na mwanafunzi mwenyewe aliniambia, "Daktari, mimi ndiye niliyewaahidi."

Wasomaji wengi wataharakisha kumlaumu fundi. Mimi sioni hivyo. Siri iliyofichwa vizuri hufanana na takataka. Hilo ndilo lengo la usimbaji. Patisheni iliyosimbwa ikitazamwa na asiye na ufunguo haionyeshi kabrasha wala jina la mwenyewe. Windows yenyewe, ikikutana na patisheni ya namna hiyo, humwambia mtumiaji kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, tena kwa sauti ya kusaidia. Fundi anayelipwa fedha kidogo kwa kila mashine, akiwa na nyingine sita mezani, anafuata ushauri wa mashine. Kanuni ya "vitu viko D" ilifanya kazi kwa sababu D ilionekana. Sasa tumeificha D, kisha tukaendelea kutegemea macho ya mtu mwingine.

Ili tuelewe kilichopotea, inafaa tujue jinsi kufuli hili linavyofanya kazi. Utaratibu unaotumika zaidi katika Linux unaitwa LUKS, uliobuniwa na Clemens Fruhwirth takribani miaka ishirini iliyopita. Wengi hudhani kwamba neno lao la siri ndilo linaloyasimba mafaili. Sivyo. Mafaili yanasimbwa kwa ufunguo mkuu, ambao ni namba ndefu ya nasibu iliyotengenezwa na kompyuta siku ya kwanza na ambayo hakuna binadamu anayeijua. Ufunguo huo mkuu umehifadhiwa, nao ukiwa umesimbwa, mwanzoni kabisa mwa patisheni, katika eneo dogo ambalo nitaliita kichwa. Neno lako la siri hufungua kichwa tu. Chukulia ghala lenye kufuli kubwa, na ufunguo wa kufuli hilo umetiwa katika kasha dogo lililopigiliwa mlangoni. Wewe unajua namna ya kulifungua kasha. Mtu akilichoma moto lile kasha, ujuzi wako wote haukusaidii kitu, na ghala litabaki limefungwa milele hata kama kila gunia ndani yake bado lipo.

Kichwa hicho ni kidogo kiasi cha kusikitisha. Katika LUKS2, toleo lililokuja na cryptsetup 2.0 mwishoni mwa mwaka 2017, kwa kawaida huchukua megabaiti 16. Katika diski ya gigabaiti 500, hizo ni kama ukurasa mmoja katika maktaba. Kufomati huandika juu ya mwanzo huo huo wa patisheni. Zaidi ya hapo, katika diski za kisasa za SSD, programu nyingi za kufomati huiarifu diski kwamba nafasi yote sasa ni tupu, nayo diski huisafisha yenyewe kimya kimya. Ndiyo maana wale wataalamu wa kurejesha picha zilizofutwa, ambao wamewasaidia wengi, hapa hawana la kufanya.

Lakini upande wa pili wa ukweli huo una faraja, na ndio ninaotaka wasomaji waubebe. Kama kichwa kikibaki na patisheni isipoguswa, mfumo mzima wa Linux unaweza kufutwa na kusakinishwa upya mara kumi, hata kwa kuhama kutoka Ubuntu kwenda Debian, na mafaili yaliyosimbwa yakabaki palepale yalipokuwa. Usimbaji haumilikiwi na mfumo endeshi. Mfumo ni mpangaji. Patisheni ni nyumba.

Sharti la kwanza huwekwa siku ya kusakinisha kwa mara ya kwanza, si siku ya maafa. Makazi ya mtumiaji, yaani kabrasha linaloitwa /home, yatenganishwe na mfumo. Programu ya kusakinisha Debian, kwa mfano, ina chaguo la kutenga /home ndani ya eneo lililosimbwa. Ni suala la kuchagua mstari wa pili badala ya wa kwanza. Asiyefanya hivyo atakuwa na mfumo na mafaili katika chungu kimoja, na siku ya kubadili mfumo itamlazimu kuyahamisha yote kwanza. Hiyo ndiyo hekima ileile ya C na D, na mtaa uliigundua bila kusoma kitabu.

Siku ya kubadili mfumo ikifika, mwenye mashine aiwashe kwa flashi yenye Linux inayoweza kuendeshwa bila kusakinishwa, afungue dirisha la amri, aandike lsblk -f. Amri hii haibadilishi chochote, inaorodhesha tu. Katika orodha atauona mstari wenye neno crypto_LUKS. Huo ndio mstari wake. Auandike kwenye karatasi: jina la patisheni na namba yake ya utambulisho. Ninasema karatasi kwa makusudi, kwa sababu skrini hiyo haitakuwepo atakapoihitaji. Angalizo kwa wenye flashi za zamani: iliyotengenezwa kabla ya LUKS2 haitaitambua patisheni ya LUKS2, na wapo watakaodhani kwamba imeharibika kumbe kilichochakaa ni flashi.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo ingemwokoa yule mwanafunzi kama tu fundi angelibadilisha kichwa bila kuigusa sehemu nyingine ya patisheni. Kuna amri ya cryptsetup luksHeaderBackup ambayo hutoa nakala ya kichwa na kuiweka katika faili unalolitaja. Faili hilo likae nje ya mashine, katika flashi iliyofungiwa kabatini. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kitu ambacho hapa kwetu si cha kufikirika tu, kichwa kikaharibika, amri ya luksHeaderRestore hukirudisha. Nakala hii nayo ina hatari zake. Ukibadilisha neno la siri kesho kwa sababu limevuja, nakala ya jana bado inafunguka kwa neno la jana, na ufunguo mkuu uliomo ni uleule. Kwa hiyo nakala ya zamani iharibiwe pale neno linapobadilishwa. Tena nakala ya kichwa si nakala ya mafaili. Diski ikifa, kichwa pekee ni ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Mafaili yenyewe yanahitaji nakala yao katika diski nyingine, iliyosimbwa pia. Hakuna njia ya mkato hapa.

Kisha ndipo programu ya usakinishaji ifunguliwe, na hapa kuna swali moja linaloamua yote. Karibu kila programu ya namna hii huanza kwa kupendekeza kuifuta diski nzima na kuipanga upya, na hilo ndilo pendekezo linalopatikana kwa kubonyeza kitufe kimoja. Swali hilo huja kwa Kiingereza katika mashine nyingi za huku, mbele ya mtu aliyekwisha kuchoka. (Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Huwa najiuliza tungekuwa wapi kama kazi ile ingekuwa mwanzo wa kazi nyingine ishirini.) Mwenye mashine achague upangaji wa mkono, aifungue patisheni iliyosimbwa kwa neno lake, na ndani yake aseme mambo mawili: eneo la mfumo lifomatiwe, eneo la /home litumike kama /home bila kufomatiwa. Fedora na Debian zinaweza kuifungua patisheni iliyopo ndani ya programu yao ya usakinishaji. Katika matoleo kadhaa ya Ubuntu imekuwa lazima uifungue wewe mwenyewe kwanza kutoka kwenye dirisha la amri. Kabla ya kuthibitisha, programu huonyesha orodha ya maeneo yatakayofomatiwa. Orodha hiyo isomwe na ilinganishwe na karatasi. Kama /home imo, kazi isimame.

Jina la mtumiaji katika mfumo mpya liwe lilelile la zamani. Kwa kawaida mtumiaji wa kwanza hupewa namba 1000, na mafaili humtambua mwenyewe kwa namba, si kwa jina. Kama mashine ilikuwa na watumiaji wawili, waundwe kwa mpangilio uleule, vinginevyo mke ataamka akiwa mmiliki wa barua za mume.

Nimeshuhudia mara kadhaa kwamba upotevu hautokei katika jaribio la kwanza bali katika la pili. Usakinishaji unakwenda vizuri, patisheni haikuguswa, lakini mfumo mpya hauwaki. Skrini inakuwa nyeusi na maandishi machache yasiyoeleweka. Mtu anahitimisha kwamba mafaili yamekwenda, anakata tamaa, na kwa hasira anachagua ile njia ya kufuta diski nzima. Mafaili yalikuwepo! Kilichokosekana ni mstari mmoja katika faili liitwalo /etc/crypttab, unaouambia mfumo mpya wakati wa kuwaka kwamba kuna patisheni iliyosimbwa, namba yake ya utambulisho ni hii, na ifunguliwe kwa jina hili. Dawa yake ni kurudi kwenye flashi, kuifungua patisheni, kuingia katika mfumo mpya kwa amri ya chroot, kuandika mstari huo, na kwa Debian na Ubuntu kuendesha update-initramfs -u. Ni kazi ya dakika ishirini kwa anayeijua. Kwa asiyeijua ni kazi ya kumtafuta anayeijua, na mashine inaweza kusubiri hata mwezi mmoja bila kuharibika zaidi.

Aina nyingine ya hofu ya bure ni ya kibodi. Mtu ana neno la siri lenye alama ya @ ndani yake. Mfumo wake wa zamani ulipangwa kwa kibodi ya Uingereza, flashi imewaka kwa kibodi ya Marekani. Katika mipangilio hiyo miwili alama ya @ na alama ya kunukuu zimebadilishana mahali. Anabonyeza kitufe kilekile, mashine inapokea alama nyingine, neno linakataliwa, na kwa kuwa haonyeshwi anachokiandika, anaapa kwamba diski imeharibika. Abadilishe mpangilio wa kibodi kwanza, au aliandike neno mahali linapoonekana alihakiki.

Nimeeleza haya yote kwa urefu katika ukurasa ambao kwa kawaida huzungumzia katiba na bajeti, na ninajua wapo watakaosema kwamba hiyo ni mada ya mafundi. Ninapinga. Tulipokuwa na karatasi tu, uhifadhi wa siri ulikuwa suala la utawala. Ofisi ya serikali ilikuwa na masjala ya wazi na masjala ya siri. Jalada lilikuwa na namba, lilisainiwa lilipotoka na liliporudi, na ofisa aliyehamishwa aliandika hati ya makabidhiano iliyotaja hadi funguo za kabati. Hakuna aliyesema kwamba hiyo ilikuwa kazi ya seremala kwa kuwa kabati ni la mbao. Leo jalada limehamia kwenye kompyuta ndogo ya ofisa, limesimbwa kwa neno analolijua yeye peke yake, na siku anapostaafu, anapohamishwa au anapofariki dunia, taasisi inabaki na kifaa kilichofungwa. Atakuja fundi wa idara, atakiona hakifunguki, na atakipiga window ili kigawiwe mwajiriwa mpya. Kumbukumbu za umma zitakuwa zimeteketezwa kwa utaratibu halali kabisa wa ofisi.

Teknolojia yenyewe haikutulazimisha kufika hapo. LUKS ya kwanza ina nafasi nane za maneno ya siri kwa patisheni moja, na LUKS2 inaruhusu hadi 32. Kila nafasi inaufungua ufunguo mkuu uleule kwa neno tofauti. Maana yake ni kwamba ofisa anaweza kuwa na neno lake, na taasisi ikawa na la kwake, refu, lililoandikwa kwenye karatasi, likatiwa katika bahasha yenye lakiri, na bahasha hiyo ikatunzwa katika masjala ya siri pamoja na nakala ya kichwa. Bahasha ikifunguliwa, iandikwe nani kaifungua na kwa nini. Ofisa akiondoka, nafasi yake inafutwa na mrithi anaongezewa ya kwake, mafaili hayaguswi. Ni utaratibu ambao karani wa masjala wa miaka ya sabini angeuelewa kwa dakika tano, na nina shaka kama angeukubali usiwepo.

Kwa mwanaharakati hesabu ni tofauti. Bahasha inayomlinda mtumishi wa umma inaweza kumhatarisha mtu ambaye ofisi yake inaweza kupekuliwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi mamlaka ya kupekua na kukamata vifaa vya kompyuta, na anayebeba ushuhuda wa watu wengine anapaswa kuamua mapema nafasi ya pili ya ufunguo itakaa kwa nani na wapi, au kama isiwepo kabisa. Uamuzi wa kutokuwepo ni halali, mradi ufanywe kwa kujua kwamba siku akipoteza kumbukumbu, ushuhuda umekwenda naye. Pia akumbuke kwamba usimbaji hulinda mashine iliyozimwa. Kompyuta iliyowaka, patisheni ikiwa imefunguliwa, ni nyumba yenye mlango wazi.

Wapo wenzangu wanaoshauri kwamba tuache haya yote na kuweka kila kitu katika hifadhi za mtandaoni za kampuni kubwa. Kwa picha za sherehe, sawa. Kwa sauti ya mkulima aliyemtaja mtu aliyemchomea nyumba, sitakubali kirahisi kwamba ulinzi bora ni kuipeleka katika seva ya nchi nyingine, chini ya mkataba wa kurasa arobaini ambao hakuna kati yetu aliyeusoma. Wengine wanauliza kwa nini mtu mwema afunge diski yake. Ibara ya 16 ya Katiba yetu haikuuliza swali hilo ilipompa kila mtu haki ya heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake.

Ninalolitaka ni dogo. Fomu za kamati za maadili ya utafiti zinauliza kama data zimesimbwa. Ziulize pia nakala ya kichwa iko wapi, na nini kitafanyika mfumo ukiharibika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haizungumzii kuvuja peke yake. Inamtaka mwenye dhamana azilinde taarifa dhidi ya upotevu na uharibifu pia, na mtafiti aliyefunga kisha akapoteza hajatimiza nusu ya pili. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wafundishwe kusakinisha mfumo upya mara moja, juu ya mashine chakavu ya maabara, patisheni ikiwa imesimbwa na ndani yake kukiwa na faili moja ambalo lazima liwepo mwisho wa somo. Na mafundi wetu wa mitaani, ambao ndio hospitali ya kweli ya kompyuta za nchi hii, waongeze swali moja kwa kila mteja kabla ya kuchomeka flashi: "Kuna sehemu umeifunga kwa siri?" Akisema ndiyo, au akisema hajui, diski isiguswe mpaka lsblk -f iwe imesomwa na wote wawili.

Kuna swali ambalo huulizwa karibu kila mara ninapozungumza haya darasani, nami nilijibu kwa wale ambao tayari wamo matatani. Kama umeharibu kichwa kwa bahati mbaya huku mashine ikiwa bado imewaka na patisheni bado iko wazi, usiizime, usiiwashe upya, usifunge hata kifuniko chake. Ufunguo mkuu bado umo katika kumbukumbu ya mashine, na mafaili bado yanasomeka. Chomeka chaja, chomeka diski ya nje, anza kunakili yaliyo muhimu kuliko yote, na umwombe jirani asizime jenereta.